Nani kasema, naye amejuaje?

Shuleni Tanzania somo la leo huliita fikra tunduizi, Kenya huliita uwaziaji kina. Sisi tuseme tu kupima maneno: ujumbe wa simu, ushauri wa jirani, hata majibu ya mwenye nyumba.

Tuanze na methali zetu wenyewe, kwa sababu nyingine hutuponza. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Inafaa kwa kujihadhari, lakini haifai kwa kuamua. Chukua ujumbe wa aina hii: usiende kujiandikisha kwa GP kama huna barua yenye anwani yako, watakudai pesa. Mama anauona umetumwa na watu watano, anaamini, anabaki nyumbani na mtoto mwenye homa. Ukweli ni kwamba katika Uingereza kujiandikisha kwa GP ni bure, na huhitaji kuonyesha kitambulisho, hati ya makazi wala karatasi za uhamiaji. Mtu wa mapokezi anaweza kukuomba, lakini kukosa karatasi hizo si sababu ya kukukataa. Wakikukataa kwa sababu nyingine, waombe sababu hiyo kwa maandishi.

Na wale watu watano? Kama wote wamesambaza ujumbe ule ule, hao ni shahidi mmoja tu, tena asiyejulikana. Watano waliokwenda wenyewe kliniki, kila mmoja siku yake, hao ni mashahidi watano. Kwa hiyo kabla ya kusambaza uliza: aliyesema alikuwepo? Kama hakuwepo, alijuaje?

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Kweli, lakini mkuu wa jambo gani? Mzee anayeheshimiwa msikitini au kanisani anaweza kupatanisha ndoa vizuri sana, na bado asijue chochote kuhusu barua ya Home Office. Hapa kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuruhusiwa ni kosa la jinai. Mshauri lazima awe mwanasheria anayeruhusiwa, au awe chini ya Immigration Advice Authority, ambayo mpaka Januari 2025 iliitwa OISC. Muulize kwa adabu namba yake ya usajili. Aliye halali hatakasirika.

Methali ya tatu ndiyo nzito: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Safari hii wanaoitumia mara nyingi si sisi. Tunatumiwa sisi.

Awaab Ishak alikuwa na miaka 2. Baba yake alitoka Sudan, wakaishi kwenye flati ya shirika la nyumba huko Rochdale, karibu na Manchester. Mwaka 2017 baba alilalamika kwamba ukuta umeota kuvu (wengine tunasema ukungu). Akaambiwa apake rangi juu yake. Aliendelea kulalamika. Shirika likajiaminisha kwamba chanzo ni mtindo wa maisha wa familia hiyo. Desemba 2020 Awaab alifariki. Novemba 2022 afisa anayechunguza vifo aliamua kwamba mtoto aliuawa na maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu na kuvu ile. Flati haikuwa na njia ya kutosha ya kutoa hewa yenye unyevu. Shirika lenyewe likakiri kwamba lilichokuwa nacho kuhusu maisha ya familia ni dhana tu, na kwamba lilikosea.

Tazama kosa lilivyojengwa. Kuna kuvu, na kuna wageni wenye desturi zao. Basi desturi ndizo zimeleta kuvu. Vitu viwili kuwa chumba kimoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine. Jambo rahisi la kupima lingekuwa kuangalia feni, dirisha, bomba, kisha flati ya jirani.

Wewe unayeishi Wembley kwenye jengo lenye kuvu unaweza kupima. Usianze na swali "nani mchafu?" wala "kwa nini wanatuchukia?" Anza na "iko wapi?" Gonga milango. Kama familia ya Kongo, ya Romania na bibi Mwingereza wa ghorofa ya juu wote wana kuvu kwenye kona ile ile ya bafu, desturi zao hazifanani, ila jengo ni moja. Kama ni flati moja tu, huenda kuna bomba linalovuja.

Namna hii ya kukusanya ina historia kwetu. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kuleta machafuko, Ory Okolloh na wenzake walitengeneza Ushahidi, programu iliyopokea taarifa za watu kwa simu na intaneti na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Ninyi hamhitaji programu. Karatasi moja inatosha: namba ya flati, chumba, tarehe kuvu ilipoonekana, tarehe mliyolalamika na jibu mlilopata. Kila mtu aandike alichokiona mwenyewe tu, na picha.

Tangu tarehe 27 Oktoba 2025 ipo Sheria ya Awaab. Kama nyumba yako ni ya halmashauri au shirika la nyumba, wakishajulishwa kuhusu unyevu au kuvu inayoweza kudhuru sana afya, wana siku 10 za kazi kuja kuchunguza. Hatari ya dharura ni saa 24. Ukipanga kwa mtu binafsi sheria hiyo haikuhusu kwa sasa, lakini unaweza kulalamika Halmashauri ya Brent. Kompyuta za kuandikia barua zipo Maktaba ya Wembley, ndani ya Brent Civic Centre. Barua iwe na tarehe, baki na nakala, na hesabu siku. Siku 10 zikipita kimya, chukua nakala na ile karatasi ya majirani uende Citizens Advice.