Makato ya NSSF yapo kwenye slipu, je, yamefika?

Tukikaa kwenye vimbweta tunapiga stori za ajira, kato tunalolijua wote ni lile la Bodi ya Mikopo, 15%. Hilo tumelikariri. NSSF je? "Si pesa ya uzeeni?" Basi, mada imeisha.

Sisi wa ualimu wengi tutaanzia shule binafsi. Tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, mtumishi wa umma yuko PSSSF, anakatwa 5% na mwajiri anaweka 15%. Sekta binafsi ni NSSF: jumla 20%, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10%. Kwa mshahara wa sh. 600,000, unakatwa 60,000, mwajiri anaongeza 60,000 nyingine, na hiyo 120,000 inatakiwa iwe imefika NSSF ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha.

Inatakiwa. Kaka yangu anafundisha hisabati kwenye shule moja binafsi. Slipu yake ilionyesha makato kila mwezi, lakini alipoenda NSSF kuomba taarifa ya michango yake akakuta miezi 14 haipo. Mhasibu wa shule akamwambia, "Wazazi hawajamaliza ada, vumilia kidogo mwalimu." Jamani! Ada ya wazazi na mshahara wa kaka vinahusiana nini? Ile 60,000 alishaifanyia kazi.

Kisheria mchango uliokatwa usiwasilishwe ni deni la mwajiri kwa Mfuko. Mfuko una haki ya kumdai pamoja na adhabu ya kuchelewesha, hata mahakamani. Ila lazima ujue kwamba deni lipo, na anayejua mapema ni mwenye slipu. Kaka alipeleka zake zote 14. Mpaka naandika hapa, miezi 9 imeshaingia, 5 bado, na kwenye ofisi ya walimu kuna wanaomwita mkorofi.

Miezi hiyo si midogo. Pensheni ya kila mwezi ya uzeeni inataka michango ya miezi 180 angalau. Umefundisha miaka 15 kamili, 14 haikupelekwa: una 166. Hapo pensheni ya kila mwezi huna, unapewa mkupuo.

Bima ya afya nitaipita haraka, maana shule zinatofautiana sana. Soma mkataba uone kama mwenza na watoto wamo. (Na wewe unayeitwa "mwalimu wa kujitolea" mwaka wa pili sasa, omba huo mkataba kwanza.)

WCF ndiyo wengi hawajawahi kuisikia. Huu ni mfuko wa fidia kwa anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Mwalimu wa kemia akimwagikiwa asidi maabara, mfuko unagharamia matibabu, unafidia kipato wakati hawezi kufanya kazi, na akibaki na ulemavu wa kudumu analipwa fidia yake. Mchango ni 0.5% ya mshahara, yaani sh. 3,000 kwa ule wa 600,000, na wote anautoa mwajiri. Kwa hiyo ukikuta WCF kwenye safu ya makato yako, mfuate mhasibu siku hiyohiyo.