Msukumo wa Mashujaa Sambamba: Karama na Adili
Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), hadithi za kiajabu za Shaaban Robert, zina mashujaa sambamba: kila mmoja hujieleza mbele ya mfalme. Hata hivyo, misukumo yao ni tofauti. Karama, anayeshitakiwa kwa kueneza elimu ya sheria, anasukumwa na haki ya umma. Anasema kwa hiari. Adili, anayewapiga kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani kwa amri ya jini, ana huruma iliyofungwa na hofu. Anasema baada ya siri kufichuka. Tofauti hii yafaa kujadiliwa darasani, kwa mfano mjini Babati, ambako Kiswahili huwakutanisha vijana Wairaqw na Wagorowa: je, ukweli uliosubiri kuulizwa ni ushujaa?