Mgomba Umedhoofika? Vidokezo 9 vya Kuufufua Uani Kwako

Isingiro, Uganda, ni nchi ya matooke. Malori yanayopita Mbarara kuelekea Kampala yanaijua vizuri wilaya hii. Lakini ukiingia ndani, Ngarama na upande wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hali ni nyingine: mvua ni haba, viwanja ni vidogo, na migomba iliyo nyuma ya nyumba inakonda mwaka hadi mwaka. Mkungu uliokuwa na vichana vinane sasa una vitatu. Majani yamekuwa ya njano. Upepo mdogo tu, mgomba uko chini.

Usikate tamaa, wala usikimbilie kung'oa. Kumbuka kwanza kwamba mgomba mmoja huzaa mara moja tu, kisha hufa. Kwa hiyo unachofufua si ule mgomba mchovu ulio mbele yako, bali shina zima: tunguu lililo ardhini na watoto wanaochipua kwake. Elekeza nguvu zako huko.

1. Chunguza kabla ya kushika jembe

Kila tatizo lina alama zake. Majani ya chini yakigeuka rangi ya chungwa na kukauka kuanzia kwenye ncha, udongo umepungukiwa na potashi. Majani yote yakififia, naitrojeni ni kidogo. Mgomba ukianguka na tunguu likawa na matundu, fukusi wamelila. Ukiong'oka na mizizi mifupi, myeusi, iliyooza, hiyo ni minyoo ya mizizi. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Ukiona umeshindwa, tazama chini ya ardhi.

2. Mnyauko wa bakteria usisubiri hata siku moja

Majani yakinyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani ni kahawia, huo ni mnyauko. Ukikata mgomba wenyewe, hutoa utomvu wa manjano. Ugonjwa huu uligunduliwa Uganda mwaka 2001, wilayani Mukono, kisha ukaenea nchi nzima. Hauna dawa, lakini unazuilika.

Kata mgomba wenye dalili usawa wa ardhi, kisha pitisha panga kwenye moto mpaka lisishikike ndipo uguse mgomba mwingine. Usiharakishe kuchimbua shina zima, kwa sababu mara nyingi bakteria hawawafikii watoto wote. Endelea kukagua na kukata kila unaoonyesha dalili, kwa miezi kadhaa bila kuchoka. Mbuzi wasile mabaki yake, na majani yake yasifungiwe chakula wala kupelekwa kwa jirani.

Kinga kubwa ni kuondoa ua dume. Kichana cha mwisho kikishatokea, livunje ua hilo kwa kijiti chenye panda. Usitumie kisu. Nyuki na wadudu wengine huchukua bakteria kutoka ua hadi ua, na kisu hufanya vivyo hivyo.

3. Bakiza watatu: mama, mtoto na mjukuu

Shina lenye machipukizi kumi ni familia inayogombania sahani moja. Bakiza mgomba mkubwa, mtoto mmoja na mjukuu mmoja. Chagua chipukizi lenye majani membamba kama sime na kitako kinene, maana hilo limeshikamana vizuri na tunguu. Yale yenye majani mapana tangu utotoni huwa dhaifu. Ya ziada yasiyofaa kupandwa yakate, kisha chimbua kiini chake ili yasichipue tena. Ikiwezekana, mtoto na mjukuu waelekee upande mmoja katika mashina yote, ili baada ya miaka migomba isibanane.

4. Tunguu likipanda juu, lifukie

Shina likizeeka, kila kizazi huchipua juu zaidi ya kilichotangulia. Mwishowe tunguu hukaa wazi, mizizi hukosa udongo, na fukusi hupata mahali pa kutagia. Lipandishie udongo laini uliochanganywa na samadi mpaka lifunikwe. Kazi hii ni ya nusu saa, lakini huzuia migomba mingi kuanguka.

5. Tega fukusi kwa mgomba wenyewe

Fukusi ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, anayetembea usiku. Viluwiluwi vyake vyeupe ndivyo vinavyotoboa tunguu. Chukua kipande cha mgomba uliovunwa karibuni, urefu wa sentimita 30 hivi, ukipasue katikati kwa urefu, na ulaze upande uliokatwa chini, karibu na shina. Baada ya siku mbili au tatu kigeuze asubuhi, uwaokote fukusi na kuwaua. Rudia mara kwa mara. Na visiki vya migomba iliyovunwa usiviache vimesimama: vikatekate vikauke, kwa sababu humo ndimo wanamozaliana.

6. Shika kila tone la maji

Ukame wa 2016 na 2017 uliiumiza sana Isingiro, na waliokuwapo hawajausahau. Mvua zetu huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba hivi, kwa hiyo jiandae mapema. Chimba vimitaro vinavyokatiza mteremko ili maji yasimame na kuzama. Tandaza nyasi, mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba, lakini acha nafasi ya hatua moja kuzunguka shina, la sivyo fukusi watajificha hapo. Maji ya kuoshea mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yapeleke kwenye migomba.

7. Lisha udongo, mgomba utajilisha

Huku ni nchi ya ng'ombe, na samadi haiko mbali. Iache ioze vizuri, kisha weka ndoo moja au mbili kwa kila shina kabla ya mvua, ukiizungusha pembeni badala ya kuirundika kwenye mgomba. Majivu ya jikoni yana potashi ambayo mgomba unaipenda sana. Nyunyiza kidogo kidogo. Maganda ya matooke nayo yarudishe shambani, mradi ndizi hazikutoka kwenye shamba lenye mnyauko.

8. Jembe likae mbali, majani yaachwe

Mizizi mingi ya mgomba iko juujuu, na jembe likizama huikata. Karibu na shina palilia kwa mkono. Katikati ya mistari panda maharage, ambayo hufunika udongo na kukupa mboga. Majani nayo yana thamani: mgomba unapotoa mkungu unahitaji angalau majani manane mabichi ili kuujaza. Kata yaliyokauka tu. Ukitaka majani ya kufunikia matooke chunguni, yachukue kwenye mgomba uliokwisha kuvunwa. Na mkungu ukiwa mzito, weka nguzo.

9. Ukilazimika kuanza upya, anza na mbegu safi

Shina lisilofufuka liondoe. Kama lilikufa kwa mnyauko, subiri angalau miezi sita kabla ya kupanda mgomba mwingine hapo. Chipukizi jipya limenye tunguu mpaka libaki jeupe, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Mayai ya fukusi na minyoo havitapona. Panda kwenye shimo la takribani sentimita 60 kila upande, lenye samadi na udongo wa juu.

Angalia pia aina. Sukari ndizi na kayinja hushikwa na ugonjwa wa Panama, yaani mnyauko wa kuvu, lakini matooke huuvumilia. Shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, lilitoa mwaka 2010 aina chotara iitwayo Kabana 6H, ambayo wakulima huiita Kiwangaazi; inastahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa unaokausha majani. Muulize afisa kilimo wa kata yako mahali pa kupata miche inayoaminika.

Baada ya yote haya, kuwa mvumilivu. Mama anaweza kutoa mkungu mdogo tena, na hilo lisikuvunje moyo. Mpime mtoto: kama kitako chake ni kinene na majani yake ni mabichi, shina limeanza kupona, na mkungu wa maana utauona baada ya mwaka mmoja au zaidi. Kiwanja ulichopewa hakitaongezeka, lakini shina likitunzwa hivi linaweza kuilisha nyumba kwa miaka mingi. Wiki hii fanya viwili tu: kagua kila shina, na upunguze machipukizi. Yaliyo safi usiyatupe. Jirani aliyefika juzi kutoka Kongo au Burundi anayahitaji.