Dondoo muhimu: Toa orodha ya wateja kwenye programu ya duka

Wenye maduka ya pembejeo Ngulyati, fanyeni kazi hii kabla msimu wa pamba haujachanganya. Simu ikiibwa, daftari la madeni lisiende nayo.

Fungua ukurasa wa Wateja au Mipangilio. Menyu nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo tafuta Export, kisha chagua CSV. PDF inafaa kuchapisha tu. Kuihamishia kwenye programu nyingine ni kujitesa.

Wengi hukwama kwenye namba za simu. Excel hula sifuri ya mwanzo: 0754 inabaki 754. Usilifungue faili kwa kulibofya mara mbili. Liingize kupitia kichupo cha Data, uweke safu ya simu iwe maandishi. Tarehe nazo zikague, maana 03/05 ya Mei 3 huweza kusomwa Machi 5, na deni la juzi likageuka la miezi miwili.

Linganisha jumla ya madeni kwenye faili na ile ya kwenye programu kabla hujafuta chochote.

Faili lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp. Majina na namba hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.