Mtoto Aliyefiwa: Maswali ya Msibani na Baada ya Matanga

Msiba ukitokea, watu wazima wanajua la kufanya. Turubai linafungwa, viti vinakodiwa, daftari la rambirambi linafunguliwa. Wanawake wanakaa mkekani na mjane, wanalala naye, wanamlazimisha anywe hata uji. Katika pilikapilika hizo mtoto wa marehemu anapelekwa kwa jirani akacheze na wenzake, au anatumwa sahani. Akimuulizia mama, anajibiwa kwamba mama amesafiri. Watu mia wanapita uani kutoa pole na hakuna anayeinama kumpa mkono yeye.

Maswali yafuatayo huulizwa sana na walezi, ndugu na walimu. Majibu yanahusu zaidi Tanzania, ingawa mengi yanafaa popote penye mtoto aliyefiwa.

Mtoto aambiwe nini, na nani amwambie?

Aambiwe ukweli, mapema, na mtu aliyemzoea: baba, bibi, shangazi, mama mdogo. Amkalishe karibu, mbali na kelele, amwambie kwa maneno machache: "Mama alikuwa anaumwa sana. Madaktari walijaribu kumtibu, hakupona. Amekufa." Wengi wetu tunaliogopa neno hilo, tunaona ni kali mno kwa sikio la mtoto. Tunasema ametutoka, ametangulia, amelala, kaenda safari. Mtu mzima anaelewa. Mtoto wa miaka 4 anayachukua kama yalivyo. Aliyesafiri hurudi, kwa hiyo atakaa barazani kila jioni kumngoja. Akisikia babu amelala na sasa anazikwa, usiku ataogopa kufumba macho.

Familia yenye imani isisite kumweleza mtoto habari za Mungu, pepo na ufufuo. Ianze tu na mwili: mtu akifa hapumui, hasikii baridi wala maumivu, hali, na harudi. Watoto wadogo wanalirudia swali lile lile mara nyingi kwa sababu bado hawajajua kwamba kifo hakina marejeo. Kwa kawaida wanalifahamu hilo vizuri wakiwa wameshaanza shule ya msingi. Mjibu kila mara kwa utulivu, na jibu lisibadilike.

Kuna jambo moja ambalo mtoto hatakuuliza, na unapaswa kumwambia bila kusubiri: si kosa lake. Watoto wengi huamini wamesababisha kifo kwa sababu siku moja walikasirika, walikataa kutumwa, au walisema maneno mabaya. Wanabeba mzigo huo kimya kwa miaka.

Je, ahudhurie mazishi?

Muulize, kwanza ukiwa umemweleza atakachokiona: sanduku au jeneza la msikitini, watu wakilia, udongo ukirudishwa kaburini. Akitaka kwenda, apewe mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kumshika mkono na kuondoka naye akichoka. Asipotaka, asilazimishwe, wala asilazimishwe kuaga mwili. Pale ambapo desturi au dini haimpeleki mtoto makaburini, ashirikishwe dua nyumbani, halafu siku nyingine apelekwe kuzuru kaburi ili ajue mzazi wake alipo.

Mbona amelia kidogo tu, kisha anacheza mpira?

Ndivyo watoto wanavyoomboleza. Huzuni inamjia kwa vipande, anaiweka kando, inarudi tena wakati wa kulala au siku ya kufunga shule. Asiambiwe hana huruma. Asiambiwe pia kwamba mwanaume halii, au kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba. Maneno hayo hayamfai mtoto wa miaka 10. Kwa wengine huzuni hutokea mwilini na katika tabia: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza upya, tumbo linauma kila asubuhi ya shule, anagombana, anashuka darasani. Mwalimu anayeona hayo kwa mtoto aliyefiwa aweke fimbo chini na atafute nafasi ya kuzungumza naye.

Nani amchukue mtoto?

Hapa ndipo tunapoumiza watoto zaidi, tena kwa nia njema. Wazazi wote wakifariki, au baba akibaki peke yake, kikao cha ukoo kinakaa siku chache baada ya mazishi, kabla wageni hawajatawanyika. Mkubwa anachukuliwa na baba mdogo wa mjini, wa kati anakwenda kwa shangazi, mdogo anabaki na bibi. Ndugu wanaona wamegawana mzigo, na ni kweli, kila mmoja anajitolea kutoka katika kidogo alichonacho. Lakini mtoto aliyempoteza mama Jumatano anapoteza Jumapili kaka zake, nyumba yake, shule yake na marafiki zake. Waliokuwa wanamkumbuka mama pamoja naye hawapo tena.

Kwa hiyo kikao kijaribu kwanza kuwaweka watoto pamoja, hata kama maana yake ni ndugu wa mjini kutuma fedha badala ya kuchukua mtoto. Ikishindikana, wasihamishwe katikati ya muhula, na siku za kukutana likizo zipangwe hapo hapo kikaoni, nauli ikiwa na mwenyewe. Mtoto mwenyewe aulizwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na kikao cha ukoo hakizuiwi na chochote kumwita asikilizwe. Mara nyingi atataja mtu ambaye hakuna aliyemfikiria.

Vitu vya marehemu vifanyweje?

Kabla nguo hazijagawiwa, mpe mtoto nafasi achague chake. Anaweza kuchagua khanga ambayo wakubwa wangeiona kuukuu. Usiikimbize kwenye beseni la kufulia. Harufu iliyomo ndiyo anayoitaka. Tafuta boksi la viatu, muweke humo khanga hiyo, picha, kadi ya kliniki, daftari lenye mwandiko wa mama. Boksi liwe lake, na akihama ahame nalo.

Kazi hii ina historia katika ukanda wetu. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu wakiwa bado hai: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina, ukoo wako ni upi, ulikuwa unapenda kula nini. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida, na mama hao walijua wanachokifanya. Mgonjwa wa saratani au wa figo leo anaweza kufanya hivyo hivyo, na asiyejua kuandika akarekodi sauti yake kwenye simu.

Kuna mahali Tanzania palipofanya kazi hii kwa mpango?

Kagera. Mkoa huo ndio ulikopatikana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliacha vijiji vyenye bibi na wajukuu bila kizazi cha katikati. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulianza katika miaka ya 1990 na kugundua jambo ambalo wafadhili wengi hawakuliona: mtoto aliyepewa sare na madaftari bado alikuwa anakaa nyuma ya darasa bila kusema neno. Walimu wakafundishwa kumsikiliza. Yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi wao, wakaweka akiba na kutembeleana wakati wa shida. Mwaka 2003 ukafuata mradi wa Kwa Wazee, uliowapa fedha za kila mwezi wazee wanaolea wajukuu, kwa sababu bibi asiyejua kesho watakula nini hawezi kuwa na utulivu wa kumfariji mtu. Uzoefu wa Nshamba ulichangia kuanzishwa mwaka 2002 kwa REPSSI, taasisi inayofundisha huduma za kisaikolojia na kijamii kwa watoto katika nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika.

Rwanda nako, wanafunzi walionusurika mauaji ya kimbari walianzisha chama chao, AERG, mwaka 1996, wakajipanga katika familia: mmoja baba, mmoja mama, wengine watoto, umri wao ukikaribiana. Humo ndimo walimopata wa kumpigia simu wakifaulu mtihani. Ninaamini somo la pande zote mbili ni hilo moja: mtoto aliyefiwa anahitaji kukutana na wengine waliofiwa. Shule, madrasa au jumuiya ndogo ndogo inaweza kuwakutanisha bila bajeti yoyote.

Msaada unapatikana wapi?

Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Mtendaji wa kata au wa kijiji anajua ofisi yake ilipo. Afisa huyo anaweza kumtembelea mtoto, kuzungumza na ukoo, na kuandika rufaa kwenda hospitali. Simu namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, haitozwi, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe; Kenya na Uganda nako namba ni hiyo hiyo. Hospitali kubwa zina kliniki za afya ya akili, Muhimbili jijini Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Kama mtoto ananyanyaswa kule alikopelekwa, kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto.

Na mali ya marehemu?

Mtoto anayefukuzwa katika nyumba ya baba yake hawezi kupona huzuni, kwa hiyo karatasi nazo ni sehemu ya faraja. Kata cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo. Fungua mirathi mahakamani. Familia nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo, zikiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kama marehemu alikuwa mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, ulizia mafao ya warithi. Msimamizi wa mirathi hamiliki mali. Anaikusanya, analipa madeni na kuwagawia wenye haki. Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake.

Lini huzuni imekuwa ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani limeiweka huzuni iliyorefuka kupita kiasi katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, likiweka kipimo cha angalau miezi 6, huku desturi za jamii zikizingatiwa. Mtoto anayemlilia baba yake siku ya Idi au Krismasi miaka 3 baadaye haumwi. Wasiwasi uwepo kwa yule ambaye miezi inapita na bado hachezi, halali, hali vizuri, hataki shule wala watu. Akisema anataka kumfuata mama yake, au akijiumiza, usingoje miezi. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mzazi aliyebaki naye aangaliwe. Mjane au mgane asiyelala hawezi kumbembeleza mtoto, na asione aibu kulia mbele yake. Mtoto akiona baba analia na kesho yake anaamka kupika chai, anajua kwamba na yeye anaweza.

Wiki ya kwanza watu wanakuwa tele. Shida huanza matanga yakishaanuliwa. Kama mtaani kwako kuna mtoto aliyefiwa mwaka huu, nenda kamwone Jumamosi hii, umtaje marehemu kwa jina, na umwombe akusimulie habari zake.