Mkono umevimba baada ya tiba ya saratani: shamba usiliache

SWALI: Daktari, mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa titi la kushoto, nikaondolewa na tezi za kwapani, kisha nikapigwa mionzi Ocean Road. Sasa mkono huo umevimba, hata pete haiingii. Majirani wanasema ni matende, nichanjwe chale. Mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto. Nina shamba la zabibu. Niache kulima?
Msomaji, Hombolo, Dodoma

JIBU: Mama, kwa historia yako, sidhani kama ni matende yanayoenezwa na mbu. Tezi za kwapani hupitisha majimaji ya limfu kutoka mkononi yarudi kwenye damu. Zikiondolewa, na mionzi ikakaza njia zilizobaki, majimaji hayo hujaa chini ya ngozi. Uvimbe huu humpata takriban mwanamke mmoja kati ya watano walioondolewa tezi hizo, wengine miaka kadhaa baadaye. Hata hivyo daktari akuone kwanza, maana damu iliyoganda kwenye mshipa, au saratani iliyorudi, navyo huvimbisha mkono.

Nakusihi ukatae wembe. Kila chale ni mlango wa vijidudu, na maambukizi huharibu njia chache ulizobaki nazo. Maji ya moto nayo basi, ingawa mama mkwe anakukanda kwa mapenzi: joto huvuta damu zaidi mkononi, uvimbe ukaongezeka. Vidonge vya kukojoza havisaidii.

Shamba usiliache. Zamani wagonjwa waliambiwa wasibebe chochote, na mikono mingi ikadhoofika bure. Mwaka 2009, utafiti wa Marekani ulioongozwa na Kathryn Schmitz ulifuatilia wanawake 141 wenye uvimbe kama wako. Walionyanyua vyuma kwa usimamizi, uzito ukipandishwa kidogo kidogo, uvimbe wao haukuongezeka kuliko wa wenzao wasionyanyua, na mkono uliwasumbua mara chache zaidi. Misuli inapofanya kazi husukuma majimaji. Kwa hiyo anza na ndoo ndogo. Ukitwanga uwele, pokezaneni mchi. Mkono ukiwa mzito jioni, kesho yake punguza. Wakati wa kupogoa mizabibu vaa glavu na nguo ya mikono mirefu. Kiangazi chetu hupasua ngozi, basi paka mafuta yasiyo na manukato kila siku, na mwiba ukikuchoma osha papo hapo kwa sabuni.

Tiba yenyewe ni mbano. Ulizia wataalamu wa fiziotherapia Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Hufunga bandeji maalumu mpaka mkono upungue, kisha hukupima soksi ya mkono ya kuvaa mchana. Usijifungie bandeji ya dukani: ikibana juu ya kiwiko, hufungia majimaji huko chini. Uvimbe huu mara nyingi hauishi kabisa, lakini ukiwahiwa hudhibitiwa vizuri.

Siku mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au ukipata homa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upewe antibayotiki, na umweleze mhudumu kwamba uliondolewa tezi za kwapani.