Maji ya Tanga na Wakulima wa Bonde la Zigi

Maendeleo ya mji hayapimwi kwa majumba na barabara peke yake. Mji hudumu iwapo wenyeji wake, pamoja na watu wa nje unaowategemea, hutendewa haki. Tanga yatupa mfano.

Chanzo cha maji

Maji ya mji huu hutoka katika mto Zigi. Mto huo huanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, na kuteremka hadi bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 273,000 katika Jiji la Tanga. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu wapatao 393,000.

Tatizo

Mkulima alimapo hadi ukingoni mwa mto, hung'oa mizizi iliyoushika udongo. Mvua za masika huuchukua udongo huo hadi bwawani. Uchimbaji wa dhahabu mtoni nao huongeza tope. Tope likituama, nafasi ya maji hupungua. Maji yakichafuka, dawa ya kuyasafisha huhitajika kwa wingi zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sheria haimshibishi mtu. Jamaa mwenye shamba dogo akiziacha mita hizo, hupoteza chakula chake, na faida humwendea mtu wa mjini asiyemjua.

Njia ya ushirikiano

Wakulima wa bonde hilo waliunda UWAMAKIZI, yaani Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi Zigi, nayo mamlaka ya maji ya Tanga ikashirikiana nao. Mazao ya kudumu kama karafuu, mdalasini na pilipili manga hushika udongo miaka mingi na kumpatia mkulima fedha. Hivyo riziki ya mkulima ni sehemu ya mitambo ya maji, sawa na bomba.

Jaribio

Twaa sinia mbili. Jaza moja udongo mtupu, na nyingine udongo wenye majani yaliyoota. Ziinamishe sawasawa, uzimwagie maji kwa kipimo kimoja, kisha ulinganishe maji yanayotoka.

Swali la kujadili

Gharama ya zile mita 60 ilipwe na nani: mkulima, mnunuzi wa maji, au taifa zima? Toa sababu.